Ndani ya Msokoto

Ilikuwa hatua ya nne au ya tano mguu uliponipotea. Sakafu ni bapa, haina hata ufa wa kukwaza kidole, lakini nyayo zilianza kutafuta mteremko ambao haukuwapo. Ukuta wa kushoto ulikuwa umeniinamia. Wa kulia umelalia nje, kama mtu anayekwepa kofi. Mbele kidogo zikapokezana zamu: wa kulia ukaja juu ya utosi, wa kushoto ukaachia. Nikajikuta natembea ubavuubavu, bega mbele, kama mtu anayejipenyeza kwenye matatu iliyojaa. Mdogo wangu alikuwa ametangulia. "Kaka, uko wapi?" akaita, na sauti yake ikanijia kutoka nyuma.

Tulikuwa Bilbao, kaskazini mwa Hispania, katika jumba la makumbusho la Guggenheim, ndani ya mmoja wa misokoto ya chuma ya Richard Serra. Kazi nzima inaitwa kwa Kihispania La materia del tiempo. Mimi ningeiita Maada ya Wakati. Ni sanamu nane katika ukumbi mmoja wenye urefu wa kiasi cha mita 130, ukumbi unaopenya hadi chini ya daraja la La Salve. Moja, iitwayo Snake, imekuwapo tangu jumba lilipofunguliwa mwaka 1997. Saba nyingine ziliingia mwaka 2005, na hizo saba peke yake zina uzito unaozidi tani 1,000. Mabamba yake yana unene wa sentimita 5 hivi, na kimo chake ni karibu mita nne, yaani yanampita hata mtu mrefu aliyembeba mwingine mabegani. Serra mwenyewe alifariki Machi 2024, naye alikuwa amekwisha kuchonga kwa chuma kwa zaidi ya miaka hamsini.

Nimeandika sanamu, tena nimeandika kuchonga, na maneno yote mawili yananitatiza. Kwetu sanamu ni sura ya kitu. Ukiambiwa pale pana sanamu, swali linalofuata ni sanamu ya nani. Hizi si za mtu wala mnyama wala shujaa, na hakuna kilichochongwa. Kuna mabamba yaliyopindwa tu. Shuleni tulifunzwa kuhakiki kwa kuigawa kazi mafungu mawili, fani na maudhui, na mtihani ukatutaka tueleze jinsi fani ilivyoyabeba maudhui, kana kwamba moja ni chungu na nyingine ni mchuzi. Hapa nilitafuta mchuzi nisiuone. Kilichopo ni chungu chenyewe, nami nilikuwa ndani yake.

Kwa hiyo nilijitafutia njia nyingine ya kusoma, nayo ni hii: umbo la misokoto hii halimo katika chuma. Limo katika ugomvi wa jicho na mguu, na ugomvi huo hauanzi mpaka mtu aingie, atembee. Ukisimama nje ukatazama, unaona ukuta wa rangi ya udongo uliopinda. Huo ni ukuta. Sanamu bado haijaanza.

Chanzo cha kazi hizi ni kosa la macho. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Serra aliingia kanisa dogo la San Carlo alle Quattro Fontane mjini Roma, jengo la Francesco Borromini la karne ya 17. Alipokuwa bado pembeni, hajafika katikati, alidhani duaradufu ya sakafuni na duaradufu ya kuba juu yake zimepishana, kama kwamba mtu amelishika jengo chini na juu akalisongoa kama nguo iliyofuliwa. Aliposogea katikati akagundua kwamba amekosea: zimekaa sawasawa, moja juu ya nyingine. Wengi wetu tungetikisa kichwa tukaendelea na safari. Yeye akaamua kulijenga lile alilodhani ameliona. Alikata duaradufu mbili za mbao, akaziunganisha kwa kijiti, moja akaizungusha kidogo ili zisilingane, kisha akaviviringisha vyote kama gurudumu juu ya bamba la risasi ili apate kiolezo cha ngozi ya kuzizunguka. Kwa maneno mengine, duaradufu ya juu ni ileile ya chini, isipokuwa imegeuzwa. Ukuta unaoziunganisha hauna budi kuegemea huku kwanza, kisha kule, kisha huku tena.

Ni jambo la kitoto ukilisikia. Kulitenda kwa chuma ndiko kulikohitaji watu. Hesabu zake zilifanywa kwa programu iliyobuniwa Ufaransa kwa ajili ya kuchora ndege, ileile ambayo ofisi ya msanifu Frank Gehry ilikuwa ikiitumia kuchora jumba hili la Bilbao. Mabamba ya duaradufu za kwanza, zilizooneshwa New York mwaka 1997, yalipindwa Sparrows Point, karibu na Baltimore, katika karakana ya meli yenye mashine kubwa iliyobaki tangu Vita Kuu ya Pili. Ya Bilbao yalipindwa Siegen, Ujerumani. Naitaja ile karakana ya meli kwa sababu Serra alikuwa mtoto wa gati. Baba yake alikuwa fundi wa mabomba katika karakana ya meli San Francisco, na siku alipotimiza miaka minne alichukuliwa kwenda kutazama meli ikishuliwa. Ameandika kwamba kumbukumbu ile ilimtosha maisha yake yote.

Kiswahili kina neno moja tu kwa tendo hilo, kushua, na sidhani kama kuna neno linalomfaa Serra zaidi. Chombo kiko nchi kavu, kizito, kimeegemezwa kwa magogo, hakuna anayeamini kitasogea. Magogo yanaondolewa. Kinateleza, kinazama kidogo, kisha kinainuka na kuelea, na uzito uleule uliotutisha unageuka kuwa wepesi. Aliyepata kuliona jahazi likishuliwa anajua kwamba kuna sekunde moja hivi ambapo umati mzima unashusha pumzi kwa pamoja. Serra alikuwa akiitafuta sekunde hiyo. Misokoto yake ina uzito wa meli na imejengwa kwa ufundi wa meli, lakini inasimama kama jambo jepesi. Haikutiwa boliti sakafuni, haina nguzo, haina msingi uliofichwa. Chukua karatasi, jaribu kuisimamisha mezani kwa ukingo wake: inaanguka. Ipinde kidogo tu kwa vidole viwili, uiweke tena. Inasimama. Hicho ndicho kinachoyashikilia mabamba haya, mkunjo wenyewe. Upinde si pambo la ukuta. Ukiuondoa upinde, ukuta unalala chini.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wanaosema kazi hizi na jumba la Gehry ni ndugu. Ni kweli vyote vimepinda na vyote vimepita katika hesabu za programu moja. Lakini nje ya jumba kuna vigae vya titani vyembamba kuliko hata nusu milimita, vimevishwa juu ya fremu ambayo mpita njia haioni. Mapindo ya Gehry ni vazi, na vazi zuri. Mwili uko chini yake. Mapindo ya Serra hayafichi kitu. Unene wake uko wazi pale bamba linapokomea, mbele ya macho yako, sentimita tano za chuma kitupu, na kinachoonekana ndicho kinachobeba. Nilisimama mlangoni pa msokoto mmoja nikautazama ukingo ule kwa muda mrefu kuliko nilivyotazama kitu kingine chochote siku ile.

Sasa nirudi ndani, maana humo ndimo kazi ilimo. Ukumbi una duaradufu moja pweke, duaradufu pacha (moja ndani ya nyingine), na misokoto mitatu ambayo haifungi duara bali inajiviringisha kuelekea ndani kama gamba la konokono. Ile pweke ni ya kuanzia. Unaingia kwa mwanya mmoja, mara unasimama katikati ya uwanja mdogo ulio wazi juu, na mwili unatulia baada ya dakika moja. Ndani kuna utulivu wa ua wa nyumba. Unajua ulipoingia, unaona utakapotokea. Ni nzuri, lakini imekwisha kusema lake.

Msokoto haufanyi hivyo. Unaingia kwenye ujia na huoni mwisho wake, kwa sababu ukuta wa mbele daima umekwisha kukata kona kabla jicho halijafika. Mmoja wao, wa mwaka 2003, jina lake lote ni maelezo ya njia: umefungwa, umefunguka, umefungwa, umefunguka, umefungwa. Na ndivyo ulivyo. Kuta mbili zinakutana karibu juu ya kichwa chako na unatembea kama ndani ya hema lililobanwa. Kisha, bila hatua yoyote unayoweza kuiashiria useme ni hii, kuta zimetengana juu na njia imebana miguuni, na mwanga wa dari unamiminika kama maji ndani ya bakuli. Nilijaribu kurudi nyuma ili niipate nukta ya mgeuko. Haipo. Ukuta haugeuki mahali fulani. Umekuwa ukigeuka muda wote, kwa kiasi kidogo kisichotosha kuonwa, mpaka jumla yake inakupiga kifuani.

Mimi ni mtoto wa Mji wa Kale wa Mombasa na nimekulia kwenye vichochoro. Nilidhani njia nyembamba haina la kunifundisha. Tofauti niliiona upesi. Kichochoro kina mlango wa fulani, kina baraza, kina harufu ya jiko la jirani, na mtoto wa miaka mitano anajua amefika wapi hata gizani. Ujia huu wa chuma hauna alama hata moja. Hakuna dirisha, hakuna pambo, na ile mistari michache iliyosimama wima, mabamba yanapokutana, inafanana yote. Mtu aliyenyimwa alama hana cha kupimia njia ila mwili wake mwenyewe: pumzi, hatua, bega. Ndiyo maana mdogo wangu alisema ametembea dakika kumi, mimi nikasema tatu. Hatukuangalia saa, na sidhani saa ingesuluhisha. Jina la kazi nililikuta lina maana pale, si kwenye kibao cha ukutani. Wakati umegawika humo ndani, kila mtu na wake, na kinachougawa ni kubana na kuachia kwa chuma.

Kisha bila kutarajia ukuta unaisha, uko katikati. Kuna nafasi kubwa kuliko ulivyodhani ingeweza kutoshea humo. Na hamna kitu. Nimewahi kusikia wageni wakilalamika juu ya hilo, kwamba wamezunguka kote huko wakakuta patupu. Mimi naona patupu ndipo palipofinyangwa. Chuma ni kingo zake tu, kama udongo ulivyo kingo za mtungi, na hakuna anayenunua mtungi kwa ajili ya udongo. Mdogo wangu, ambaye kizunguzungu kilikuwa kimemkamata njiani hata akashika kipaji, alikaa sakafuni pale katikati akasema, "Kaka, hapa moyo umerudi mahali pake."

Kuhusu ngozi ya chuma. Kwetu kutu ni aibu: bati likishika kutu linapakwa rangi, jembe likishika kutu mwenye jembe ni mvivu. Chuma hiki kimechanganywa na shaba na kromi kidogo ili kutu yake isile ndani. Inatanda juu, inashikana, inakuwa gamba linalokikinga chuma kilichobaki. Ukisogea karibu, umbali wa shibri moja, unaona kwamba rangi si moja hata kidogo: kuna machungwa ya embe bivu, kuna kahawia ya ukwaju uliokauka, kuna michirizi myeusi iliyoshuka wima kama maji yaliyowahi kupita, na kuna mabaka ya buluu iliyofifia ambayo nilidhani ni kivuli mpaka niliposogeza kichwa yasisogee. Michirizi hiyo ina kazi. Ndiyo timazi pekee katika ujia mzima. Palipo na mchirizi, jicho linakumbushwa wima wa kweli uko wapi, na papo hapo linagundua ukuta umeuacha kwa kiasi gani. Sijui kama hesabu zililitaka hilo, lakini bila kutu, kwa mfano kwa rangi moja laini ya dukani, misokoto ingepoteza nusu ya nguvu yake.

Si zote nane zilizonikamata. Snake naiona dhaifu kuliko zote. Kuta tatu ndefu zenye mawimbi, njia mbili kati yake, urefu wa mita 31 na ushei. Ukishapita wimbi la kwanza umekwisha kulijua la pili. Watoto wanaipenda kwa mwangwi wake, wanapiga makofi na kukimbia, nami siwalaumu. Zile mbili za mwisho, zilizokatwa kutoka kwa tufe na kutoka kwa umbo la tyubu ya tairi, ni za mtu aliyekwisha kuujua ufundi wake mno. Nilipita humo kwa heshima, sikupita kwa mshtuko. Na nane kwa pamoja ni nyingi kwa siku moja. Mwili unachoka kushangaa.

Liko jambo linaloniuma kidogo kuhusu mahali penyewe. Bilbao ni mji wa chuma. Milima ya jirani ilichimbwa mawe ya chuma kwa karne nyingi, na tanuri za Altos Hornos de Vizcaya, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1902, zilizimwa mwaka 1996. Mwaka uliofuata makumbusho yakafunguliwa. Kwa hiyo mtu aliyemwaga jasho mbele ya tanuri anaweza leo kukata tiketi akatembee katikati ya chuma kilichopindwa Ujerumani, katika ukumbi uliopewa jina la kampuni ya chuma. Siwezi kusema kazi ya Serra inamdhihaki mtu huyo. Serra mwenyewe alifanya vibarua kwenye viwanda vya chuma ili ajilipie masomo, na heshima yake kwa wapindaji na wainuaji inaonekana katika kila mshono. Lakini sikuweza kutembea humo bila kumkumbuka.

Tena uzito huu si wa kuigiza. Mwaka 1971, mjini Minneapolis, bamba la kazi yake liliporomoka wakati wa kuiweka likamuua mfanyakazi. Ukilijua hilo, kule kuinamiwa na ukuta hakuwi mchezo. Vilevile si kila mtu anataka kuinamiwa. Mwaka 1981 Serra aliweka ukuta wa chuma wenye urefu wa mita 36 hivi katika uwanja wa ofisi za serikali mjini New York, na waliofanya kazi pale walichoka kuuzunguka kila asubuhi. Baada ya kesi na mabishano ukaondolewa usiku mmoja wa Machi 1989. Wasanii wengi waliona ni unyama. Mimi nawaelewa makarani wale. Ujia unaokusongoa mwili unahitaji idhini yako, na ukumbi wa makumbusho, kwa kasoro zake zote, unaipata idhini hiyo mlangoni. Kila niliyekutana naye humo ndani alikuwa ameamua kuingia.

Kasoro ninayoisema ni roshani. Ghorofani kuna mahali pa kusimama ukautazama ukumbi wote kutoka juu, na watu huanzia huko, simu mkononi. Naomba anayekwenda asianzie huko. Kutoka juu sanamu zinapendeza mno; zinafanana na maganda ya machungwa yaliyomenywa kwa kisu kimoja bila kukatika, kama wamenyavyo wauza machungwa wetu wa stendi. Msokoto unakuwa mstari, katikati panaonekana, njia inaonekana, na ule mgeuko nilioutafuta nikaukosa unasomeka kama ramani. Jicho limeshinda kesi bila mguu kusikilizwa. Orodha ya vitenzi aliyoiandika Serra kwa penseli kati ya mwaka 1967 na 1968, ambamo kusokota na kupinda vimo, inatukumbusha kwamba yeye alianzia kwenye tendo. Roshani inakupa nomino.

Hata hivyo nilipanda mwishoni, nikatazama, nikaisoma ramani yote. Nilihesabu mizunguko, nikaweka akilini mahali kuta zinapobadilishana zamu. Kisha tukashuka, tukaingia tena katika ule wa kwanza, safari hii mimi mbele, nikijua kila kona kabla haijafika. Hatua ya nne au ya tano mguu ukapotea. Mzee mmoja mwenye mkongojo alikuwa anakuja kutoka ndani, na ujia haukutosha watu wawili kupishana wamesimama wima. Hatukusemezana. Tulilalia sote upande mmoja, upande ule ambao ukuta ulikuwa umelalia, akapita.